Ukurasa wa siku ya arobaini

Hotuba ya mkunga mstaafu kwa wakazi wa Malindi, kabla ya mvua za vuli

Assalaamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, maimamu na wachungaji, walimu, na nyinyi vijana wa bodaboda mliosimama kule kwenye kivuli cha mwembe: ahsanteni kwa kuitika. Wenye viti wawapishe akina mama waliobeba watoto, kisha tuanze, maana jua la Malindi halingojei mtu.

Mnanijua. Wengine humu niliwapokea kwa mikono hii. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga miaka mingi nikastaafu, lakini usiku mlango wangu bado unagongwa. Leo nimeombwa niseme juu ya watoto wa kandokando ya mto Sabaki, kwa sababu vuli imekaribia na kila mwenye shamba kule bondeni analala jicho moja wazi.

Nianze na mambo ya ukunga. Mwanamke akijifungua kwetu, tunasema yuko kwenye arobaini. Siku ya kwanza nyumba hujaa. Shangazi huyo na uji wa pilipili manga, jirani huyo na kuku, wifi naye ameleta leso mpya. Siku ya saba wamepungua. Kufika siku ya ishirini mzazi yuko peke yake na kitoto chake, matiti yamevimba, homa inampanda, analia na hajui analilia nini. Mimi nikienda kumwangalia siulizi nani alikuja siku ya kwanza. Nauliza: leo nani amekuchotea maji?

Mtu akifa pia ni vivyo hivyo. Tunazika, tunakaa matanga, halafu arobaini ikifika tunarudi, tunasoma hitma, tunaketi tena na wafiwa. Ndugu zetu Wagiriama wana matanga mabichi na matanga mabivu. Wanajua kwamba kilio cha mwanzo kina wenzake wengi, na kilio cha pili ndicho kinachotaka watu. Basi sisi watu wa pwani tunajua kuhesabu siku za mtu aliyepatwa. Ila mto ukifurika, hesabu hii inatupotea. Tunakimbia siku ya kwanza, tunabeba, tunapika, tunapiga picha, na siku ya kumi tumesharudi dukani. Nimekuja kuwaambia kwamba watoto wengi wa mafuriko hufa hata baada ya siku hiyo ya kumi. Sisemi kwa kubahatisha, na nitawaonyesha hesabu yake.

Kwanza mto wenyewe. Kuna mtu hapa mjini aliwahi kuniuliza, "Mama, watu wa Garashi kule bondeni wanafurikaje na hapa hatujaona hata wingu?" Swali zuri. Maji ya Sabaki hayanyeshi hapa. Yanaanzia juu, huko Ngong na nyanda za Kikuyu, yanapita Athi, yanapokea mito ya Nairobi na taka zake, yanateremka Ukambani, yanakutana na mto Tsavo, na hapo jina linakuwa Galana. Yakikaribia kwetu tunayaita Sabaki. Safari hiyo ni kama kilomita 390. Kwa hiyo mvua kubwa ya Nairobi ya leo inakuja kuwa maji ya Jilore na Garashi siku kadhaa mbele, wakati anga letu ni jeupe. Mtoto analala pakavu na anaamshwa na maji chini ya kitanda.

Sisi wa mjini tunaona nini? Tunaona bahari ikigeuka rangi. Kuanzia mlango wa mto, huku hadi fukwe zetu na kule hadi Mambrui, maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Tunalalamika kwamba wageni hawataogelea. Lakini ule wekundu ni udongo, na udongo ule ulikuwa shamba la mtu. Humo mna mahindi ya mtu, nyanya za mtu, na pengine mlango wa nyumba yake.

Na kuna deni ambalo hatulisemi. Ukifungua mfereji nyumbani kwako Malindi, maji yanatoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa ukingoni mwa mto huuhuu. Watamu wanakunywa hapo, Kilifi wanakunywa hapo, Mombasa pia wanapata fungu lao. Sisi tunanywa Sabaki, wenzetu wanamezwa nao. Nikisema tuwasaidie, sidhani kwamba naomba sadaka ya ziada.

Sasa nirudi nyuma. Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 1997 zikaingia hadi 1998. Wazee wanakumbuka. Nilikuwa bado kijana, nikapelekwa upande wa Magarini kwenye shule moja ya msingi ambayo ilikuwa imejaa familia zilizotoka bondeni. Wiki ya kwanza sikuwa na pa kuweka mguu kwa wageni. Malori ya unga, mablanketi, wakubwa wenye vipaza sauti. Nilikuwa na daftari langu mwenyewe, la karatasi za mistari, na kila jioni niliandika nani ameletwa na ana nini. Siku kumi za kwanza niliandika michubuko, vifua vya baridi, mzee aliyechomwa na mwiba wa samaki, mama mmoja aliyeumwa na nyoka, kwani nyoka nao hukimbia maji na wanapenda pale palipoinuka, palepale tulipolaza watoto. Nilijiambia, tumeokoka.

Siku ya kumi na mbili lori la mwisho liliondoka. Siku ya ishirini na sita nikaandika mtoto wa kwanza mwenye malaria kali. Siku ya thelathini na tano foleni ilitoka darasani ikafika kwenye mlingoti wa bendera. Neti zilizoletwa wiki ya kwanza zilikuwa zimegeuzwa kamba za kufungia mizigo, na siwalaumu waliozigeuza, maana wakati zinagawiwa mbu hawakuwapo na mizigo ilikuwapo.

Siku ya thelathini na nane, magharibi, bibi mmoja aliniletea mjukuu wake. Wa kiume, kama miaka minne. Nilipompokea mikononi alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, ndani ya mdomo kweupe, anahema haraka haraka. Alihitaji damu. Nilihitaji gari. Wiki ya kwanza magari yalikuwa yakigongana getini. Usiku ule nilisimama barabarani na taa ya chemli mpaka chemli ikaisha mafuta. Alfajiri alitutoka, bibi yake amemshika miguu, mimi kichwa. Sijamtaja jina na sitamtaja. Daftari lile ninalo mpaka leo, na ukurasa wa siku ya arobaini una mstari mmoja tu, kwa sababu siku hiyo nilikuwa sina nguvu ya kuandika.

Kwa nini siku ya thelathini na nane, mbona si ya nane? Hesabu yenyewe ni hii, na naomba kila mama aishike. Maji yakipungua yanaacha madimbwi. Mbu anataga hapo, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku kumi. Mbu yule anamuuma mtu mwenye vimelea vya malaria, na vimelea vinakaa ndani ya mbu siku nyingine kama kumi kabla hajaweza kumpa mtu mwingine. Halafu anamuuma mtoto, na homa inachukua wiki moja au mbili kujitokeza. Jumlisha. Umefika mwezi na zaidi. Wataalamu wanasema wiki ya nne hadi ya nane baada ya mafuriko ndipo malaria hupanda. Yaani maradhi yanafika baada ya wasaidizi kuondoka, kana kwamba yalikuwa yakiwangoja waende.

Kwa hiyo neti zije, lakini zigawiwe mara mbili, na mara ya pili iwe kuanzia siku ya kumi na tano. Na zifungwe. Neti iliyo ndani ya mfuko wa plastiki haimkingi mtu. Vijana wa bodaboda, hapa ndipo nawataka nyinyi: mikono mirefu, kamba, misumari. Pita hema kwa hema ufunge neti. Mama mwenye watoto watano na mume aliyekwenda kutafuta kibarua Mombasa hana wa kumfungia.

Na damu. Hospitali haiwezi kununua damu sokoni. Mkitoa damu wiki ya kwanza kwa jazba, ahsanteni, lakini damu inakaa kama siku thelathini na tano tu kisha inamwagwa. Jipangeni. Kumi watoe wiki ya kwanza, kumi wiki ya tatu, ishirini wiki ya tano. Wewe kijana mwenye afya unayenisikiliza, mtoto mweupe wa kiganja atakayeletwa usiku hospitali yetu ya Malindi anaweza kuishi kwa chupa yako moja, na hutajua jina lake.

Tuje kwenye maji. Ni ajabu kwamba aliyezungukwa na maji ndiye mwenye kiu. Maji ya mafuriko yamepita vyooni, yamepita mazizini, yamepita makaburini. Kipimo kinachotumika na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Familia ya watu saba ni lita 105. Hiyo ni mitungi mitano ya lita ishirini na kitu juu yake, kila siku inayotoka kwa Mungu. Fikirieni mama anayebeba hayo akiwa na mimba. Ndiyo maana tangi moja la maji lililowekwa karibu na hema linafanya kazi kuliko lori la nguo. Na choo: kimoja kwa watu ishirini, cha wanawake mbali na cha wanaume, chenye komeo la ndani na taa ya kuendea. Nasema taa kwa sababu nimewahi kumtibu msichana aliyekwenda chooni gizani, na sitaki kusema zaidi mbele ya watoto hawa.

Mtoto akianza kuhara, anakufa kwa kukauka. Mpeni ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja iliyoyeyushwa katika lita moja ya maji safi. Kama pakiti haipo, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa juu, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Chumvi ikizidi inaua. Mnyweshe kwa kijiko, taratibu, hata akitapika ngoja dakika kumi uanze tena. Na vidonge vya zinki, kimoja cha miligramu 20 kila siku, nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku kumi hadi kumi na nne hata kama kuhara kumekoma. Tazameni hapo: dawa ya mtoto mmoja wa kuhara peke yake inachukua siku nyingi kuliko lori linavyokaa.

Sasa nitagusa jambo ambalo huwaudhi watu wema, nao wanisamehe. Maziwa ya kopo. Kila mafuriko kuna mtu mwenye huruma anayeleta maboksi ya maziwa ya unga ya watoto wachanga na chupa za kunyonyea. Nimeyaona yakigawiwa kama peremende. Mama aliyekuwa akinyonyesha vizuri anaambiwa maziwa yako yamekatika kwa mshtuko, chukua haya. Anayakoroga kwa maji gani? Ya mto. Chupa anaiosha kwa nini? Kwa maji hayohayo. Wiki ya pili kopo limekwisha, duka halipo, na ziwa nalo limekauka kwa kutonyonywa. Nchi yetu ina sheria tangu 2012 inayodhibiti ugawaji wa maziwa haya, na sheria ile ina akili. Maziwa ya mama hayakatiki kwa mshtuko. Yanaweza kuchelewa kushuka, basi mpe mama mahali pa faragha, shuka la kujifunika, uji mzito, maji ya kunywa, na amrudishe mtoto titini mara kwa mara. Yatashuka. Nimeyaona yakishuka kwa mwanamke aliyekaa juu ya paa usiku kucha. Yuko mtoto ambaye mama yake amefariki au mama mgonjwa sana. Huyo ana njia yake, apelekwe kwa wauguzi wampangie.

Kwa wakubwa kidogo, miezi sita mpaka miaka mitano, kuna utepe wa kupima mkono. Mmeuona kliniki, una kijani, manjano na nyekundu. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 mtoto yuko hatarini, apelekwe siku hiyohiyo apewe chakula cha tiba. Kati ya hapo na 12.5 aangaliwe kwa karibu. Wahudumu wa afya ya jamii wanajua kuutumia. Lakini jambo la utepe ni hili: mtoto hakondi siku ya tatu. Anakonda pole pole, wakati unga wa msaada umebaki wa kukung'uta na mahindi mapya hayajaota. Mahindi yetu huku pwani huchukua miezi mitatu hadi minne, na huwezi kupanda mpaka tope likauke, na mbegu ulizoweka akiba zilikwenda na maji. Kwa hiyo anayetaka kumlisha mtoto wa Garashi mwezi wa nne baada ya mafuriko, alete mbegu na jembe mwezi wa kwanza. Jembe ni chakula cha mtoto. Naomba kamati zetu ziliandike hivyo kwenye orodha, karibu na unga, sio chini kabisa.

Nguo za mitumba, sitaki kuzikejeli, kwani zinatolewa kwa nia njema. Nasema tu kwamba nimeona marundo yakiozea darasani, masuti na viatu vya kisigino, huku msichana wa miaka kumi na tatu akijificha kwa kukosa sodo na chupi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo uulize kwanza. Na mara nyingi ukimuuliza mama anataka nini, atakwambia pesa kidogo kwa simu anunue mwenyewe. Mwamini. Anayajua matumbo ya wanawe. Angalieni tu wale ambao simu zao zilizama na vitambulisho vyao vilikwenda. Hao ndio wanaobaki nje ya kila orodha, na mara nyingi ni wajane na mabibi wanaolea wajukuu.

Kuna wanaosema serikali iko, Msalaba Mwekundu wako, hii si kazi yetu. Wako kweli, na nimefanya kazi nao, nimewaona wakiingia kwenye maji ya kifuani yenye mamba na viboko. Lakini wao wana nchi nzima. Mwaka 2024, kati ya Machi na Mei, mafuriko yaliua karibu watu 300 Kenya, na Mai Mahiu peke yake ilililia watu wengi usiku mmoja. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili zilifunguliwa 13 Mei. Wakati kama huo, msaada wa taifa unakuwa leso moja inayofunika watoto kumi. Atakayebaki bila leso ni yule wa mbali.

Na sisi tu wa mbali. Kumbukeni Novemba 2023. Daraja la Mbogolo liliharibika, barabara ya kwenda Mombasa ikakatika. Upande wa kaskazini, mto Tana ukafunika barabara ya Garsen kwenda Lamu, karibu na Gamba, na abiria wa Lamu wakakwama. Malindi tulikuwa katikati kama kisiwa. Lori lingetoka wapi? Kwa hiyo vitu viwe vimeshafika kabla mto haujajaa, na viwekwe pande zote mbili za Sabaki, kwa sababu daraja moja si la kutegemea. Msikiti mmoja ng'ambo, kanisa moja ng'ambo, store yenye kufuli na funguo mbili kwa watu wawili wasio jamaa. Turubai, dawa ya kutibu maji, ORS, zinki, neti. Hivi haviozi haraka. Idara ya Hali ya Hewa hutangaza mapema; Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huzidi kipimo, kama ilivyokuwa 2019 na 2023. Wakitangaza, tusingoje kuona.

Ndugu zetu wafugaji wa Tana na wale wa kuelekea Lamu, nawakumbusha neno moja tu: baada ya mvua kama hizi kuna homa ya Bonde la Ufa, inayotoka kwa mifugo ikaja kwa watu. Tuliipata 1997 na 1998, ikarudi mwisho wa 2006. Mnyama akitupa mimba au akifa ghafla, usimchinje, na maziwa yachemsheni.

Nimebakiza watoto wenyewe, nafsi zao. Mtoto anapotezana na mamake katika dakika tano za kukimbia. Mwandikeni jina, la baba, la kijiji, kwenye kitambaa kilichoshonwa ndani ya nguo, kuanzia leo. Akija mtu, hata awe amevaa vizuri na ana gari, anasema "nipeni huyu nikamlee," msimpe. Mpelekeni kwa chifu na afisa wa watoto. Nambari ya kusaidia watoto ni 116, haina malipo, usiku na mchana. Walimu wa madrasa na wa shule za Jumapili, nawaomba msingoje darasa. Kusanyeni watoto chini ya mti kila asubuhi, wasome, waimbe, wacheze. Nimeona mtoto aliyekaa kimya wiki mbili akafungua mdomo kwa sababu mwalimu alimwita jina lake wakati wa kuita mahudhurio. Na mzazi akipata saa moja ya kujua mtoto wake yuko mahali salama, anakwenda kutafuta mabati yake.

Vitabu vya kliniki na vyeti vya kuzaliwa, vitieni kwenye mfuko wa plastiki, uning'inie juu ya boriti. Chanjo ya surua ni ya miezi tisa na ya miezi kumi na minane. Mkisongamana kambini surua haimwulizi mtu. Basi.

Sasa jueni kwa nini nimebeba hili daftari jipya. Nililinunua jana, nikakaa nalo usiku nikalipigia mistari kwa mkono. Lina kurasa arobaini, kila ukurasa ni siku moja baada ya maji kuingia. Kurasa tisa za mwanzo sitaki mtu aandike jina. Hizo zitajaa zenyewe, Malindi naijua. Ninauza kuanzia ukurasa wa kumi. Siku ya kumi na tano nataka watu wa kufunga neti. Siku ya ishirini, mwenye pikipiki ya kuchota maji. Siku ya ishirini na tisa nataka wachangia damu ishirini. Kuanzia siku ya thelathini, kila usiku, nataka mwenye gari na simu isiyozimwa, gari lina mafuta, liko upande ule wa mto. Bodaboda wakipokezana zamu itawezekana. Mmeshaniambia mnaweza, na nimewaamini.

Ukurasa wa thelathini na nane nimeshauchukua mimi. Nitalala kulekule.

Kalamu hii hapa. Wewe mama wa leso ya kijani, nimeona umenyanyua mkono, njoo, mpisheni. Unachukua siku ya ngapi?